Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaofuatilia Usajili wa Softboli ya Oklahoma

Wanangu, wake kwa waume,

Nawasalimu kwa heshima, nyinyi mnaoondoka Dallas na Fort Worth kabla ya jua kuchomoza, mkiwa na chapati zilizofungwa vizuri na chupa za chai, ili mfike Norman kabla milango ya Love's Field, uwanja wa softboli (mchezo wa gongo na mpira, ndugu wa besiboli) wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, haijafunguliwa. Nimekaa nanyi kwenye viti hivyo tangu uwanja ulipozinduliwa Machi 2024, na kabla ya hapo tulibanana pamoja kwenye uwanja mdogo wa zamani wa Marita Hynes, ambako aliyechelewa alisimama. Mmezoea kuniita Babu nami nimezoea kuitika, kwa hiyo naomba leo mnivumilie nikiwasema kama babu.

Mwezi uliopita binti mmoja wa darasa la kumi na moja, mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) ambaye wengi wenu mlikwisha kumvalisha jezi yetu akilini mwenu, alitangaza kwamba ameghairi na kwamba atakwenda chuo kingine. Hilo ni jambo la kawaida katika mchezo huu. Lililonikosesha usingizi ni kwamba watu watatu miongoni mwetu walimwandikia binti huyo moja kwa moja kwenye ukurasa wake. Mmoja alimwita msaliti. Wa pili alimkumbusha kwamba ahadi ni deni. Wa tatu, ambaye naamini alidhani anatenda wema, alimsihi abadili mawazo yake. Majina yenu nayajua na sitayataja hapa, kwa sababu shabaha yangu si kuwaaibisha.

Najua tabia hii tumeitoa wapi. Sisi tumelelewa na tetesi za usajili. Wengine tumekulia Kariakoo, ambako wakati wa dirisha la usajili watu wazima waliacha biashara zao wabishane kama kiungo fulani ameonekana Msimbazi au Jangwani. Wengine mmekulia Nairobi mkigombania habari za Gor Mahia na AFC Leopards. Tumezoea kumpokea mchezaji uwanja wa ndege na kumbeba, na akihamia kwa mtani tumezoea kumtukana hadi apotee machoni. Iwapo hiyo ni haki au si haki, huo ni mjadala wa siku nyingine, lakini angalau yule ni mtu mzima mwenye mkataba, wakala na mshahara. Huyu tunayemfuatilia hapa ana miaka kumi na sita, kesho ana mtihani wa hesabu, na mama yake bado ndiye anayempeleka mazoezini. Tumechukua mdomo wa Kariakoo tukaupeleka kwa mwanafunzi wa shule.

Hata wale wanaolipwa kumsajili wamefungwa mikono kuliko sisi. Tangu mwaka 2018, kocha wa chuo cha daraja la kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, haruhusiwi kuzungumza na msichana wala wazazi wake habari za usajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka anapoanza darasa la kumi na moja. Kabla ya kanuni hiyo, watoto wa darasa la nane, na hata wa la saba, walikuwa wakitangaza vyuo watakavyokwenda miaka mitano baadaye, na ni makocha wenyewe waliosukuma jambo hilo likomeshwe, maana kila mmoja alikuwa akimkimbilia mtoto kwa hofu kwamba mwenzake atamtangulia. Zaidi ya hayo, kocha haruhusiwi kumzungumzia hadharani msichana ambaye hajatia saini. Kwa hiyo ninyi mnaosema, "Kocha Gasso amenyamaza, basi hamtaki," mnatafsiri ukimya ambao ni wa kisheria. Patty Gasso amekuwa kocha wetu Norman tangu 1995 na ametwaa mataji manane ya taifa. Akinyamaza, ana sababu.

Sheria inatugusa na sisi pia. Mtu aliyechangia fedha kwa ajili ya timu za chuo huhesabiwa kuwa mwakilishi wa maslahi ya michezo ya chuo hicho, na akishahesabiwa hivyo hali hiyo haimtoki. Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kumwandikia wala kumpigia simu msichana ili kumvuta aje, na akifanya hivyo anaweza kumletea binti matatizo ya ustahiki wa kucheza. Wapo kati yenu waliochangia. Yule wa tatu aliyeandika kwa wema, ajiulize kama naye yumo.

Naijia sasa hoja ya yule aliyeandika kwamba ahadi ni deni, kwa sababu ndiyo hoja yenye uzito na ndiyo iliyonichoma zaidi. Methali hiyo nimeifundisha nyumbani kwangu kwa miaka arobaini na sijaiacha. Lakini deni lina mdai na mdaiwa, nami nauliza: binti yule alikopa nini kwetu? Neno analolitoa msichana akiwa darasa la kumi na moja halimfungi yeye wala halikifungi chuo. Ni kama barua ya posa iliyojibiwa vizuri: watu wamefurahi, vitafunio vimeliwa, lakini hakuna aliyeoa. (Mjukuu wangu hakuupenda mfano huu niliponena mbele yake, na ana haki, kwa kuwa msichana haendi chuoni kuozwa, niazimeni tu kwa sentensi hii moja.) Karatasi yenyewe husainiwa kuanzia Novemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Hadi Oktoba 2024 kulikuwa na ile barua ya kitaifa ya kusudio. Ikafutwa, na siku hizi kinachosainiwa ni makubaliano yenyewe ya msaada wa masomo. Kabla ya hapo kocha anaweza kuondoa neno lake sawasawa na binti, na huliondoa mara nyingi kuliko mnavyosikia, ila yeye hatangazi.

Nasema hivyo kwa kuwa yametukuta. Mjukuu wangu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira wa mrushaji. Alipokuwa darasa la kumi na moja, kocha wa chuo kimoja kidogo, ambacho sitakitaja, alimwambia kwamba nafasi yake ipo. Tulisherehekea, nikapiga simu Tanga, wakaomba dua. Mwaka uliofuata chuo kile kilibadili kocha, na kocha mpya alikuwa na wadakaji wake. Hakuna barua iliyokuja. Simu ziliacha tu kupokelewa. Binti akaanza upya kuandika barua pepe kwa makocha, wakati wenzake wa kundi lake la kuhitimu walikuwa wameshamaliza, na mimi sikuona mtu yeyote akimwandikia kocha yule kwamba ahadi ni deni.

Mkumbuke pia hesabu ya nafasi, kwa sababu inaeleza mambo mengi mnayoyaita usaliti. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na udhamini kamili kumi na mbili tu wa softboli, ambao kocha aliugawa vipande vipande kwa kikosi kizima, hivyo binti mnayesoma kwamba amepata udhamini huenda alipewa robo ya ada, na wazazi wake wakatafuta zilizobaki. Kuanzia msimu wa 2025 hadi 2026, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vinaweza kumdhamini kila mchezaji, lakini kikosi hakiruhusiwi kuzidi wachezaji 25. Kila mchezaji mzoefu anayehamia kutoka chuo kingine hukalia kiti ambacho kingekuwa cha msichana wa sekondari. Mzazi mwenye akili akiona chuo kimeleta warushaji wawili wenye uzoefu, atamwuliza binti yake swali gumu mezani, na jibu la swali hilo ndilo sisi tunalolipokea kama kofi.

Na hata saini si mwisho wa habari. Jordy Bahl wa Papillion, Nebraska, alikuja Norman, akatwaa mataji mawili, na katika fainali za taifa za 2023 hakuruhusu timu yoyote ipate hata mzunguko mmoja, yaani pointi moja, alipokuwa akirusha. Siku chache baadaye alisema anarudi nyumbani kuchezea Nebraska. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa kwenye magari yetu tukirudi kusini. Katika mchezo wake wa kwanza wa msimu wa 2024 goti likachanika, na msimu ukaisha, nami nilimsikia mtu wetu akisema ni malipo. Sijamsahau mtu huyo. Lakini Sam Landry alipotoka Louisiana kuja kwetu msimu wa 2025, akitoka katika timu ileile iliyokuja Love's Field ikakata mfululizo wetu wa ushindi 71, hakuna aliyemwita msaliti, tulimtafutia nyimbo. Msichana akija ana busara, akiondoka hana adabu: huo si msimamo, ni ushabiki tu, na ushabiki ubaki kwenye viti.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. NiJaree Canady wa Topeka, Kansas, alipohama Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024 kwa makubaliano yaliyozidi kidogo dola milioni moja, wengi mlisema mchezo umeharibika. Mwaka uliofuata timu yake ilitutoa katika nusu fainali ya taifa, 3 kwa 2, na hapo mkasema zaidi. Mimi nimefanya kazi ghala la mizigo kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona mfanyakazi mwenzangu akikataa nyongeza ili kuwafurahisha watu wanaotazama.

Sasa, mtaniuliza, tufuatilie nini ikiwa hatuwezi kuwafuatilia wao? Ufuatilieni mchezo wao, na kwa hilo Oklahoma imetupa neema ambayo Texas haina. Huku Texas wasichana wa sekondari wanacheza majira ya kuchipua, wakati ule ule ambapo vyuo vinacheza, na huwezi kuwa mahali pawili. Oklahoma softboli ya kurusha kwa kasi huchezwa kuanzia Agosti, na mashindano ya jimbo hufanyika Oktoba, wakati Norman hakuna mechi za msimu. Kiingilio ni kidogo na viti viko karibu. Majira ya kiangazi yapo mashindano ya klabu, ambako wasichana hucheza mechi nne au tano kwa siku mbili chini ya jua kali, na mtaona makocha wa vyuo wamekaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya uzio, kila mmoja na kipima kasi chake, wote wakijifanya hawamtazami yule wanayemtazama.

Mkifika pale, yaacheni mezani yale mahesabu mnayotumiana. Mpigaji mwenye wastani wa 0.600, yaani anayefaulu mara sita katika kila kumi, katika shule inayocheza na timu dhaifu hajawaambia chochote. Mrushaji anayefikisha maili 65 kwa saa akiwa umbali wa futi 43 atawamaliza wapigaji wengi wa sekondari kwa kasi peke yake, na ndiyo maana hamwezi kujua bado kama ana kitu kingine. Subirini wapigaji wazuri wamwone kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja, ndipo mtazame kama ana mpira unaopanda, unaodidimia, na ule wa polepole unaomfanya mpigaji azungushe gongo kabla mpira haujafika. Mtazameni mdakaji wake pia, kwa sababu nusu ya sifa ya mrushaji hutengenezwa na mikono ya mwenzake. Nasema hili kama babu wa mdakaji, na sitaki kubishiwa.

Tena msishangae mkisikia chuo kimechukua mashotistopu wanne katika kundi moja, wala msianze kuandika kwamba watatu wamedanganywa. Katika timu za shule msichana mwepesi kuliko wote huwekwa kuwa shotistopu, pale kati ya besi ya pili na ya tatu, na kocha wa chuo anamchukua kwa miguu na mkono wake, huku akijua kwamba mmoja atabaki pale, mwingine atakwenda besi ya pili, na mwingine atatupwa uwanja wa nje. Orodha za kuwapanga wasichana kwa namba, wa kwanza hadi wa mia, haziwezi kuwaonyesha hilo. Namba hizo hupangwa na watu waliomwona binti wikendi moja au mbili, na binti mwenyewe huzisoma usiku akiwa peke yake. Mjukuu wangu alizisoma, na jina lake halikuwamo.

Oktoba nitakwenda kwenye mashindano ya jimbo, Mungu akinipa uzima. Nitakaa upande wa uwanja wa kushoto, mbali na makocha na mbali na wazazi, na kwenye gari langu kuna nafasi tatu. Nafasi hizo nimeziweka kwa ajili ya wale watatu. Kabla hamjanipigia simu kuzikubali, futeni mlichoandika. Najua mmoja wenu tayari ameniuliza kama amwandikie tena binti yule, safari hii kumwomba radhi. Usimwandikie, mwanangu. Hata radhi ni ujumbe mwingine kutoka kwa mtu mzima asiyemfahamu, na ameshapokea wa kutosha.

Wenu katika mchezo,
Babu, wa safu ya juu, nyuma ya besi ya tatu