Nyanya zinazogoma kuiva si lazima ziwe mbegu feki

Mhariri,

Kila msimu malalamiko ni yale yale: mkulima amekamua mbegu za nyanya chotara zilizompa mavuno mazuri, akazipanda, na sasa baadhi ya mashina yanazaa nyanya kubwa zinazoishia rangi ya njano iliyopauka. Zinakaa shinani wiki hadi wiki bila kuwa nyekundu. Lawama humwangukia muuza pembejeo, au watu wanasema ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara. Kabla ya kulaumu, ichunguzwe jeni moja, RIN.

Nyanya huiva kwa amri ya ethilini, homoni iliyo gesi. Seli ikiipokea, protini za jamii ya EIN3 hujikusanya kwenye kiini na kuwasha jeni zinazoitikia homoni hiyo. Jeni ya RIN nayo hutengeneza protini ya kuwasha jeni nyingine: protini hiyo hushika DNA jirani na jeni za kuongeza ethilini, za rangi nyekundu na za kulainisha tunda. Mwaka 1968 watafiti Robinson na Tomes waliripoti nyanya zisizoiva. Baadaye ilibainika kwamba kipande cha DNA kilidondoka chenyewe, RIN ikaungana na jeni ya pembeni yake, na protini iliyozaliwa hapo huzima badala ya kuwasha. Hakuna maabara iliyopandikiza kitu. Na ndiyo maana kunyunyizia ethefoni, dawa inayotoa ethilini, kwenye nyanya hizo ni kutupa pesa: gesi inafika, lakini uivaji hauendelei.

Wazalishaji wa mbegu hulichanganya badiliko hilo na nyanya ya kawaida. Chotara mwenye nakala moja ya RIN iliyobadilika na moja ya kawaida huiva taratibu na kuhimili safari ya tenga hadi sokoni. Ukipanda mbegu zake, kati ya miche 100, karibu 25 haitaivisha kabisa, 50 itakuwa kama mama yake, na 25 italainika upesi. Kuchagua tunda zuri zaidi la kukamua hakubadilishi hesabu hii, kwani kila tunda la chotara limebeba mchanganyiko ule ule.

Kupima ni rahisi. Chuma matunda ya kijani yaliyokomaa. Pasua moja, na mbegu zikiteleza kwenye ute bila kukatwa na kisu, yamefika. Yafungie kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, mahali penye nyuzi 20 hadi 25. Ya kawaida hubadilika rangi ndani ya wiki moja hivi. Yenye badiliko kwenye nakala zote mbili hubaki yalivyo, na mara nyingi vijani vya kikonyo chake ni vikubwa kupita kawaida. Usipimie kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, maana hapo hata nyanya isiyo na badiliko huishia rangi ya chungwa.

Tunaomba kampuni za mbegu ziandike kwenye pakiti kama chotara ana RIN iliyobadilika. Anayetaka kukamua mbegu mwenyewe apande aina zisizo chotara, kama Tanya au Tengeru 97.

Wadau wa mbegu za mboga,
Arusha