Maji ya Rejeta Yanapungua na Chini Hakuna Tone: Yanakwenda Wapi?

Kila wiki unafungua boneti, unaongeza kikombe kimoja au viwili, unafunga, unaondoka. Chini ya gari pakavu, na mshale wa joto haujawahi kupanda. Mmoja anakwambia gasketi ya hedi (sili iliyo kati ya injini na kifuniko chake cha juu) imeungua, mwingine anakwambia gari likizeeka hunywa maji. Gari halinywi maji. Mfumo wa kupozea injini umefungwa, na kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, ikipungua ina njia tatu tu: imetoka nje, imeingia ndani ya gari ulimokaa, au imeingia kwenye injini ikaungua au ikachanganyika na oili.

Kuna hali moja ya kuiweka kando kwanza. Kama kulanti ilibadilishwa hivi karibuni, hewa iliyobaki ndani hujitoa yenyewe safari za mwanzo na kiwango kikashuka kidogo. Ongeza mara moja, uangalie. Kikishuka tena, hapo kuna kazi.

Tukipokea gari la namna hii gereji kwetu, jicho letu huanza kwenye mfuniko wa rejeta. Wengi huuona kama kizibo tu, kumbe una springi na vali mbili. Vali kubwa hushikilia shinikizo, na magari mengi yana namba kama 0.9 au 1.1 iliyopigwa juu ya mfuniko kuonyesha ni shinikizo kiasi gani. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa kwa kiasi hicho huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Springi ikichoka, kulanti inachemka mapema, inasukumwa kwenye kitangi cha akiba, na mvuke unapeperuka ukiwa mwendoni. Ukiegesha, hakuna cha kuona.

Vali ndogo kazi yake ni kuivuta kulanti irudi kutoka kwenye kitangi injini inapopoa. Ikiganda, kitangi kinabaki kimejaa huku rejeta ikikauka, na asubuhi mpira mkubwa wa rejeta unaukuta umenywea kama umekamuliwa. Ndiyo maana anayekagua kitangi peke yake anaweza kudanganyika kwa miezi. Tumeshapokea magari yaliyofunguliwa hedi kwingine, gasketi ikabadilishwa, na maji yakaendelea kupungua vilevile. Ugonjwa ulikuwa kwenye mfuniko.

Mfuniko ukiwa mzima, tunafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pake, injini ikiwa baridi. Tunajaza shinikizo lile lile lililoandikwa kwenye mfuniko, si zaidi, kisha tunaacha dakika 15 hadi 20. Geji ikishuka, tunafuata njia kwa tochi. Mara nyingi hakuna tone bali alama: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi pale kulanti ilipokauka juu ya chuma cha moto. Tunaangalia klipu za mipira, na pale tangi la plastiki la rejeta linapoungana na alumini, kwa sababu plastiki huzeeka kwa joto ikapasuka nyufa zisizoonekana. Chini ya wota pampu, inayosukuma kulanti izunguke, kuna kitundu kilichowekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka kulanti itokee hapo badala ya kuharibu bearingi. Kwenye injini ambazo pampu huzungushwa na taimingi belti, uvujaji huo hujificha nyuma ya kava, na hutauona mpaka kava litoke.

Uvujaji mwingine hutokea gari likiwa limepoa tu, vyuma vinaposinyaa. Injini ikipata moto, unajiziba. Huo ndio unaowachosha mafundi.

Ndani ya gari, mshukiwa ni rejeta ndogo ya hita. Zulia la miguuni linalowa, kuna harufu tamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye utelezi usiofutika vizuri. Usichanganye na maji ya kiyoyozi: yale hayana rangi wala harufu. Nusa, usionje. Kulanti nyingi ni sumu kali, na utamu wake huwavuta watoto na wanyama, basi iliyomwagika ifute mara moja.

Tukikosa kote huko, ndipo tunaigeukia gasketi ya silinda hedi. Moshi mweupe wa asubuhi peke yake si ushahidi, ni mvuke wa kawaida unaoisha injini ikipata moto. Utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili nao unaweza kuwa unyevu tu kwa gari la safari fupi. Tunachokiamini ni dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma: kwa gari la petroli, ikigeuka manjano, gesi ya ekzosi inapenya kwenye maji. Kisha tunatoa plagi. Silinda inayoingiza kulanti mara nyingi ina plagi safi kuliko wenzake, na kamera ndogo ikiingizwa huonyesha pistoni iliyosafishwa na mvuke.

Dawa za kumimina ili kuziba tundu hatuzipendi. Haziui ugonjwa, na mara nyingi huziba vijia vyembamba vya rejeta ya hita kabla ya kuziba ufa wenyewe.

Usiutegemee mshale wa joto peke yake. Maji yakishuka sana, kitambuzi kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kukaa katikati huku hedi inaungua. Ukiwasha hita, nayo ikaanza kupuliza baridi wakati injini ni ya moto, simama pembeni uzime. Na mfuniko usiufungue kabla injini haijapoa kabisa. Mvuke ule huchubua ngozi ya uso.

Kabla ya kuja, chora mstari wa kalamu kwenye kitangi usawa wa kulanti, gari likiwa baridi na mahali tambarare, na uandike kilomita. Tukijua umepoteza kiasi gani kwa kilomita ngapi, tunajua tutafute tundu la sindano au ufa. Kama unaweza, lilaze gari kwetu usiku, kwa sababu kipimo cha kwanza tunakifanya asubuhi injini haijawashwa. Na siku hiyo, tafadhali, usiliongeze maji.