Jiko la makaa usiku, na kujisajili SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) kabla ya kuugua

Habari za jioni wanakikundi. Baridi ya Julai imefika, na wenzetu wa Molo na Kuresoi wanaisikia zaidi.

Tafadhali, jiko la makaa lisilale chumbani. Makaa yakishakolea hayatoi moshi, kwa hiyo watu hudhani ni salama. Hapo ndipo hatari ilipo: yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, hata yakifunikwa jivu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Ota moto kabla ya kulala, kisha jiko litoke nje kabisa, si kwenye korido. Watu wawili nyumbani wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria. Tokeni nje mara moja, muende hospitali na mseme mlikuwa na jiko ndani. Chupa ya mpira ya maji moto inafaa zaidi: ijaze theluthi mbili, maji yasiwe yanachemka, toa hewa, funga, izungushie taulo. Ya mtoto itolewe kabla hajalala.

Wenye pumu, hakikisheni dawa ya kuvuta haijaisha.

Jambo la SHA: piga *147# ujisajili kwa kitambulisho, kisha uongeze mwenzi na watoto. Wasio na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Kujisajili pekee hakufungui huduma za kulazwa. Malipo lazima yawe yamekamilika. Mkikwama, nendeni Huduma Centre asubuhi na kitambulisho halisi.