Vijana wetu hawakukosa hamasa, walikosa ufunguo wa stoo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi nikiwa kazini, na tangu nistaafu ualimu sijakuandikia hata mara moja. Lakini ile habari yako ya kongamano la kuhamasisha vijana walete mabadiliko chanya katika jamii, yenye picha kubwa ya mgeni rasmi, imeninyima usingizi. Umeandika kwamba vijana wametakiwa waamke. Nilikuwapo ukumbini, na yapo ambayo mwandishi wako hakuyaona.

Februari mwaka huu, kabla ya masika, vijana saba wa kijiwe cha bodaboda jirani na kwangu hapa Morogoro walikubaliana kuzibua mtaro wetu. Hakuna aliyewatuma. Masika yaliyotangulia maji yalishindwa kupita kwenye kalavati yakaingia kwa bibi mmoja mjane, wakamtoa usiku kwa kumbeba mgongoni, na nadhani hilo liliwakaa moyoni. Walikwenda ofisi ya mtaa kuomba toroli na machepe, vifaa tulivyochangishana wenyewe, kaya kwa kaya. Wakaambiwa waandike barua, waambatanishe majina, warudi Jumatatu. Jumatatu mwenye ufunguo wa stoo alikuwa safarini. Jumatano barua ilikuwa haijagongwa muhuri. Basi wakaja kwangu. Nilikuwa na jembe moja, karai na ndoo mbili, nikawapa. Walichimba Jumamosi na Jumapili, wakaacha abiria wao wabebwe na wengine. Humo walitoa matairi, magunia, pampasi, na godoro zima lililooza. Mmoja wao, kijana wa miaka 22 niliyemfundisha darasa la tatu, alikuwa na ndala tu. Kipande cha chupa kikampasua unyayo. Nilimfunga kwa khanga yangu, akajilipia mwenyewe sindano ya pepopunda na nyuzi nne, na Jumapili akarudi, akakaa ukingoni kuwaelekeza wenzake. Tope likawa kichuguu kando ya barabara. Tukaomba gari la taka, tukaambiwa tusubiri ratiba. Siku ya tisa mvua ikashuka kutoka Uluguru ikalirudisha karibu lote mtaroni, nao wamesimama kibarazani kwangu wanatazama. Hakuna aliyesema neno. Sijausahau ule ukimya.

Mwezi uliofuata haohao wakakusanywa ukumbini, wakagawiwa fulana na soda, na mzungumzaji akawauliza: "Ninyi mmeifanyia nini jamii yenu?" Yule kijana alikuwa ameketi mbele yangu, mguu bado una bandeji. Hakunyoosha mkono. Mhariri, nilitetemeka kwa hasira.

Najua hamasa ni nini. Mwaka 1973, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa na miaka 14. Kikundi cha mama yangu kilikutana kusikiliza redio, na kwa kuwa yeye hakujua kusoma, kijitabu niliwasomea mimi. Kipindi kikiisha waliulizana choo cha nani kichimbwe kwanza na dimbwi lipi lifukiwe, na kesho yake utawakuta huko na majembe yao. Mama yangu alikuwa na jembe lake. Hakuliombea muhuri.

Tukiwa hapohapo, kuna hii mikopo ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024, na nilifurahi. Vijana hawa wanataka kununua guta wazoe taka majumbani kwa malipo. Katiba ya kikundi wameandika, nimewasahihishia mwenyewe, akaunti ya benki wanayo. Kila wakienda kuna karatasi iliyopungua, na karatasi hiyo safari iliyopita haikutajwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula chao cha mchana. Halafu watu wazima wenzangu wanasema vijana wa siku hizi wavivu, kazi yao kubeti!

Ninachoomba si kikubwa. Ufunguo wa stoo ya mtaa uchongwe nakala tatu, moja ikae kijiweni kwa bodaboda, kwa sababu pale mtu hakosekani tangu alfajiri hadi usiku. Liwekwe kaunta buku na kalamu iliyofungwa kamba. Anayechukua chepe aandike jina na saa, basi, habari ya barua iishe. Gari la taka lipite kila Jumatatu inayofuata ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi. Zinunuliwe jozi saba za gambuti, moja iwe namba 43. Na katika mkutano wa mtaa vijana waseme kwanza, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, maana zamu yao ikifika saa 12 jioni watu wameshaondoka.

Nawe, mhariri, mtume tena yule mwandishi wako. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wanaingia mtaroni saa 1 asubuhi. Chai na mihogo vitakuwapo kwangu. Aje na viatu vya kuchafua.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro