Kwa Nini Taa Inagoma Mlimani na Kuwaka Vizuri Ukirudi Moshi

Kuna lalamiko ambalo kila mwenye duka la kukodisha vifaa vya kupanda Kilimanjaro ameshalisikia. Mteja ameshuka, viatu bado vina vumbi la Kibo, anaiweka taa ya kichwani juu ya kaunta. "Dada, mmenipa taa mbovu. Imenizimikia saa nane usiku, nimefika Stella Point, pale ukingoni karibu na kilele, kwa kumulikiwa na mwongozaji." Dada wa kaunta anampa pole, anabonyeza kitufe, taa inawaka hadi inaumiza macho. Hapo maneno yanaanza. Mteja anaona anafanywa mwongo, na sisi tunaona kifaa kizima kabisa kikiwaka mbele yetu.

Wote wawili wana haki. Taa ilizima kweli, na si mbovu.

Baridi haili chaji. Chaji inabaki palepale ndani ya betri, ila haitoki. Umeme wa betri unatokana na kemikali zinazofanyiana kazi, na chembe zenye chaji zinazopita kwenye majimaji au ute wa ndani kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Baridi ikizidi, kazi hiyo inapungua kasi, chembe zinapita kwa shida, na ukinzani wa ndani unapanda. Taa inapodai umeme mwingi kwa pamoja, volti zinaporomoka, kifaa kinaamini betri imekwisha, kinajizima. Ukishuka hadi lango la Mweka betri imeshapata joto, na kila kitu kinafanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wazee walilijua hili bila kufundishwa: betri za redio zikichoka zilianikwa juani juu ya bati, na jioni redio ikapata nguvu ya kusoma taarifa ya habari. Mlimani tunafanya kinyume chake, tunaianika betri nzima kwenye baridi halafu tunashangaa.

Na baridi yenyewe ni kiasi gani? Hesabu ya mezani ni hii: hewa hupoa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko kama mita 800 au 900 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Tofauti ni mita 5,000 hivi, yaani nyuzi 30. Usiku wa Julai ambao wewe wa Moshi unajifunika blanketi kwa nyuzi 16, kileleni ni nyuzi 14 chini ya sifuri. Kuna usiku wa nafuu, na kuna usiku mbaya kuliko huo. Upepo nao una mchango wake, ingawa watu wanauelewa vibaya. Upepo hauwezi kuipooza betri ikawa baridi kuliko hewa iliyoizunguka. Kile kibaridi cha ziada unachokisikia usoni ni cha ngozi yako. Unachofanya upepo ni kuharakisha: taa ambayo ingechukua saa nzima kupoa, inapoa kwa dakika chache.

Sasa ongeza ratiba. Wengi wanatoka kambi za mwisho za Barafu au Kibo kuelekea kileleni kati ya saa tano na saa sita usiku, na jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Ni saa sita au saba za giza, mfululizo, katika hali ya hewa mbaya kuliko zote za safari, na ndizo saa pekee ambazo taa si ya hiari.

Aina ya betri ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Betri za alkali, hizi za kawaida unazoweka kwenye rimoti na saa ya ukutani, ndani yake zina mchanganyiko wenye maji. Watengenezaji wake wakubwa wanaziruhusu kufanya kazi hadi nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, lakini kuruhusiwa na kufanya vizuri ni vitu viwili. Kuanzia karibu na sifuri kushuka chini zinaanza kuchechemea, na kwenye baridi kali zinakupa sehemu ndogo tu ya kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Betri za lithiamu zisizochajiwa, za ukubwa uleule wa AA au AAA na volti 1.5 zilezile, hazina maji ndani na zinahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Pia ni nyepesi: AA ya lithiamu ina gramu 15 hivi, ya alkali kama 23. Ni ghali, hatubishi. Ila kwa usiku wa samiti, yaani wa kupanda kileleni, hatujui betri nyingine ya kukushauri kwa moyo mweupe.

Zina tabia mbili za kujua mapema. Kwanza, volti zake hazishuki taratibu, zinabaki juu karibu hadi mwisho kisha zinaanguka ghafla, hivyo kialama cha chaji kwenye taa kinaweza kukuonyesha imejaa wakati imebakiza kidogo. Pili, ikiwa mpya kabisa inaanza na volti juu kidogo ya 1.5, na baadhi ya taa watengenezaji wake wamekataza kuitumia. Soma ndani ya mfuniko wa betri au tuulize. Taa tunazokodisha sisi zote zinazikubali, lakini kuna wateja wanaokuja na zao kutoka nyumbani, na hapo ndipo tunapoomba kuiona kwanza.

Betri za kuchaji za AA na AAA (zile za nikeli) zinavumilia baridi kuliko alkali, na kwa siku za chini zinatosha sana: kambi za Mandara, Horombo, Shira. Kwa kileleni, ziwe akiba.

Kuhusu taa zenyewe, mteja anapenda kuuliza lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga. Anataka 500, anataka 1,000. Kwa kupanda pole pole nyuma ya kisigino cha mwongozaji, mwanga wa kawaida wa lumeni 100 hivi unatosha na kubaki. Ukiwasha wa juu kabisa unaidai betri umeme mwingi, na hilo ndilo dai linaloiangusha kwenye baridi. Kama unayo nafasi ya kuchagua, chukua taa ambayo kasha la betri liko kisogoni, kwa sababu kofia ya jaketi ikipandishwa betri inakaa ndani ya kofia na kichwa chako kinaipasha. Nzuri kuliko zote ni yenye waya mrefu, kasha la betri linaingia chini ya jaketi. Tunazo chache na zinaisha haraka.

Simu ni kesi nyingine, maana watu wengi siku hizi ndiyo kamera yao, na hakuna anayetaka kufika kwenye ule ubao wa Uhuru akiwa na kioo cheusi. Apple wanaandika wazi kwamba iPhone imetengenezwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 35. Kileleni uko nje ya hapo kwa mbali. Simu inaonyesha asilimia 40, unaitoa, unapiga picha mbili, inazima. Haijaharibika. Iweke tumboni na baada ya muda itawaka, mara nyingi na asilimia zilezile ilizokuwa nazo.

Mahali pa simu ni mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili, si mfuko wa nje wa jaketi wala mfuko wa juu wa begi. Funga mtandao unapoondoka kambini: simu inayotafuta minara usiku kucha inakula chaji kuliko picha zako zote. Ndiyo, intaneti ipo mlimani, TTCL waliifikisha Horombo mwezi Agosti 2022, lakini ule usiku haina kazi kwako. Kulala, lala na simu, pawabenki na betri za kamera ndani ya mfuko wa kulalia. Wanaotumia kamera wabebe betri mbili wabadilishane: moja inapiga kazi, nyingine iko kifuani inajipasha. Ile iliyogoma ukiiweka kifuani itarudi na picha kadhaa.

Na kamera ikishapoa usiingize wazi ndani ya hema lenye watu na chai. Hewa ya joto ina unyevu, unyevu unaganda kama umande kwenye lenzi, wakati mwingine ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ibane hewa, iingize, iache ipate joto humo humo. Umande utakaa juu ya plastiki.

Kuna kosa moja ambalo haliishii kwenye usumbufu, linaharibu betri moja kwa moja: kuchaji betri ya lithiamu-ioni, ya simu au pawabenki, ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kutumia kwenye baridi kunaipunguzia nguvu kwa muda. Kuichaji ni habari tofauti. Lithiamu inashindwa kuingia mahali pake ndani ya betri, badala yake inajipaka juu kama chuma, na kilichojipaka hivyo kwa kiasi kikubwa hakirudi. Uwezo unapungua moja kwa moja na usalama pia. Simu nzuri zinakataa zenyewe kuchajiwa hadi zipate joto. Pawabenki nyingi za bei rahisi hazina akili hiyo, zinakubali tu.

Hapa ndipo wenye paneli za sola wanapochanganyikiwa. Paneli yenyewe inapenda baridi, jua lilelile likiwa kwenye hewa ya baridi inatoa umeme zaidi kidogo kuliko kwenye joto. Betri inayopokea umeme huo haipendi. Kwa hiyo ukifika kambi ya Barranco au Karanga mchana, jua limetoka, tandaza paneli nje na uiweke pawabenki kivulini ndani ya hema, ikiwa imeshapata joto. Asubuhi na mapema, wakati hema lina barafu, acha kwanza.

Pawabenki tunazikodisha za mAh 10,000 na 20,000 tu (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa). Mtu akikuletea inayojiita 50,000 na inaingia kiganjani, ipime: ya 10,000 ya kweli ina uzito wa gramu 200 hivi, na betri haina njia ya mkato ya kupunguza uzito. Pia usitarajie 10,000 zote zifike kwenye simu. Namba hiyo ni ya betri ya ndani yenye volti 3.7, na ikipandishwa hadi volti 5 za waya, pamoja na kinachopotea njiani, kinachofika ni kama theluthi mbili.

Glavu za umeme hatukodishi. Tumeulizwa sana, hasa na Watanzania wenzetu wanaoogopa vidole, lakini kifaa kinachotegemea betri kukuepusha na baridi kitakugomea kwa sababu ileile ya baridi, na glavu zake bila umeme mara nyingi ni nyembamba. Chukua mittens nzito (glavu zisizotenganisha vidole) na glavu za sufu ndani yake. Vile vipakiti vya kupasha mikono vinavyofanya kazi kwa hewa pia vinapungua nguvu, kwa kuwa kileleni oksijeni unayoipata kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ya pwani. Vifungue mapema kambini, visianze kazi huko juu. Kwa sababu hiyohiyo mwenye kifaa cha kusikia kinachotumia zile betri ndogo zenye tundu la hewa abebe za akiba na azijaribu njiani.

Neno kwa waongozaji, kwa kuwa mnachukua vifaa vya kundi zima. Oksimita ya kidole, ile inayopima oksijeni kwenye damu, inatumia betri za AAA na inapata baridi haraka, lakini kuna tatizo jingine kabla ya betri: kidole kilichopoa hakina damu ya kutosha kusomeka, na kipimo kinaweza kuja chini kuliko ukweli au kisije kabisa. Mpashe mteja mkono kwanza, ngoja namba itulie, ndipo uandike. Na namba isikufanye umpuuze mtu anayeyumba kwa sababu kifaa kimesema yuko sawa. Redio za mkononi zivaeni ndani ya jaketi, kipaza sauti tu kitoke nje.

Upande wetu, kila taa inayotoka dukani inalala kwanza ndani ya friza, ambayo iko kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na inawashwa ikiwa humo na betri zitakazokwenda nazo mlimani. Inayozima haitoki. Taa ya kileleni inatoka na betri za lithiamu mpya mbele ya macho yako, na za akiba kwenye pakiti iliyofungwa. Akiba usiyoifungua unairudisha na tunakurudishia pesa yake. Betri zilizotumika turudishieni pia.

Wanaopanda kwa ajili ya tarehe 9 Desemba watupigie mapema, wiki hiyo taa za waya mrefu hazibaki. (Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge kileleni mwaka 1961 hakuwa na shida ya volti, ingawa kuutunza moto kwenye hewa nyepesi nako si mchezo.) Njoo siku moja kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka huku gari linapiga honi nje, na uje na simu yako, waya wako na taa yako kama unayo. Tutaviingiza friza vyote kwa pamoja, utakunywa chai, na utaona mwenyewe kipi kinazima.