Salamu za Krismasi kutoka Reading, Uingereza, Desemba 2025

Ndugu wapendwa, Bwana asifiwe.

Katibu wenu nimepewa tena kazi ya kuandika salamu za sikukuu, na kama kawaida nimeonywa nisirefushe. Basi nianze na la wajibu. Nawatakieni nyote heri ya Krismasi na fanaka tele katika Mwaka Mpya 2026. Walio wagonjwa Mungu awape afya, waliofiwa awafariji, wanafunzi wafaulu mitihani, na wale ambao karatasi zao bado zinakaliwa na watu wa uhamiaji, mlango ufunguke. Amina.

Mwaka ulikuwa mgumu, hatuna haja ya kusimuliana. Hita tunaiwasha kwa kuhesabu dakika, mchele umepanda, kodi ya nyumba imepanda, na nauli ya Desemba kwenda Dar mnaijua wenyewe. Kiangazi bendera zilifungwa kwenye nguzo za taa, watu wakapiga kelele nje ya hoteli za waomba hifadhi, na wengine wetu tukaanza kurudi nyumbani kabla ya giza.

Ila kilichonielemea mimi ni msiba wa mlango wa pili. Wengi mnamkumbuka yule mzee wa Kiingereza aliyetuazima viti kila tulipofanya shughuli bustanini. Alifariki Novemba. Amemwacha mwenzake, mwanamume mwenziwe, waliyeishi pamoja tangu 1973. Mlikuwa mkijua, na mimi nilikuwa nikijua. Miaka kumi na sita tumewaita "wale marafiki wawili", tukaishia hapo.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole. Nikakaa saa tatu, chai ikapoa, mzee akasimulia. Walipokutana, ilikuwa imepita miaka sita tu tangu Bunge liache kuwafunga watu kama wao. Sheria ile ya 1967 ilihusu England na Wales peke yake. Scotland ilingoja hadi 1980, Ireland ya Kaskazini 1982. Marehemu alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwaka 1988 serikali ya Thatcher ikaleta Kifungu cha 28, kilichozikataza halmashauri kuutangaza ushoga kama jambo jema, na walimu wakaogopa hata kutaja nani yuko nyumbani. Kwa miaka 15 mwalimu huyu aliwaambia wenzake kazini kwamba yeye ni kapera, ana mpangaji. Mpangaji! Kifungu kilifutwa huku 2003, naye akastaafu mwaka uleule.

Katikati ya miaka hiyo aliugua, akalazwa. Mwenzake alipofika wodini akaulizwa, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Rafiki." Akaambiwa asubiri nje, ndugu wakija wataelezwa. Alikaa kwenye benchi la korido hadi usiku.

Ndiyo maana ubia wa kiraia, yaani muungano wa kisheria wa wapenzi wa jinsia moja usioitwa ndoa, ulipoanza kufungwa England, tarehe 21 Desemba 2005, hawakungoja. Kesho yake asubuhi walikuwa kwa msajili, na koti la mmoja, anasema, lilikuwa la kuazima. Jumatatu hii ingetimia miaka 20. Ndoa yenyewe ilikuja baadaye. Tarehe 5 Februari 2013 wabunge waliipigia kura muswada wake, 400 kwa 175, na ndani ya chama cha waziri mkuu Cameron mwenyewe waliopinga waliwazidi waliokubali. Wazee hawa hawakujisumbua kubadilisha cheti. Novemba hii mwenzake alipokwenda kuandikisha kifo, karani akamuuliza swali lilelile, wewe ni nani wake? Safari hii alikuwa na neno la kujibu, na karani akaliandika.

Sasa mnivumilie nihubiri kidogo. Najua baadhi yenu mtasema katibu amepotoka, huo ni uzungu. Ndugu zangu, kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu, kinachoadhibu mapenzi ya jinsia moja, tunachokitetea kwetu Tanzania kama mila ya mababu, Mwingereza ndiye aliyetuachia. Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alisema hadharani Aprili 2018, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, kwamba anajutia sheria za namna hiyo. Na hapa tunapoishi, Sheria ya Usawa ya 2010 imetuweka wote kwenye orodha moja: rangi na asili, dini, umri, ulemavu, ujauzito, na humohumo wazee wale wawili. Dada yetu aliyenyimwa zamu kazini kwa sababu ya mimba aliikimbilia sheria hiyo, nasi tukamshangilia. Chama cha Reform UK kiliahidi katika uchaguzi wa 2024 kuiondoa na kuweka nyingine. Aprili mwaka huu Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno "mwanamke" ndani yake ni kwa jinsia ya kuzaliwa, na nilisikia vicheko baada ya ibada. Mimi nina mfanyakazi mwenzangu aliyebadili jinsia, ambaye tangu siku ile hajui aingie choo gani. Sikuona cha kuchekwa. Msifurahie ukuta wa jirani ukibomolewa, ilhali paa letu limeegemea hapohapo. Wazazi, semeni na watoto wenu. Msiwafukuze. Mtoto hafukuzwi nyumbani usiku wa baridi kisha tukaja kuimba kwamba hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni.

Na wewe mwana wa dada yangu, uliyenipigia mkesha wa Krismasi 2019 ukiwa na jambo la kuniambia, nikakukata kauli nikasema leo ni sikukuu, tuzungumze mengine. Hatukuzungumza mengine wala hilo. Namba yangu ni ileile. Mjomba wako sijui nitasema nini, lakini nitapokea.

Mambo ya kawaida. Ibada ya mkesha ni saa moja jioni, tafadhali si saa mbili. Pilau ni kamati ya akina mama kama kawaida, Mungu awabariki. Wa chapati waongeze, mwaka jana waliochelewa walikuta sahani tupu. Mzee wa mlango wa pili nimemwalika, na amekubali. Ameuliza kama bado tunahitaji viti.