Risala ya Wahudumu wa Afya wa Kujitolea kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, Siku ya Kufunga Mafunzo

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya. Mheshimiwa Diwani wa Kata. Mganga Mkuu wa Wilaya. Waganga Wafawidhi wa zahanati zetu. Ndugu Watendaji wa Kata na wa Vijiji. Wenyeviti wa Vijiji na Vitongoji. Wazee wetu, wazazi, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliohitimu leo, pamoja na wenzetu waliotutangulia katika kazi hii, tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo yetu na kutukabidhi vyeti. Tulipokaa kuandika risala hii tulishawishika kuijaza hesabu ya vifaa tunavyovihitaji, kwani ndivyo risala nyingi zinavyoandikwa, na vifaa tutavitaja. Hata hivyo tumekubaliana kutumia sehemu kubwa ya nafasi hii kuzungumzia namna mtu anavyoingia katika kazi ya kujitolea ya halmashauri na namna anavyoianza, kwa sababu tumeona wazi kwamba mhudumu hupatikana au hupotea katika wiki zake za mwanzo, kabla hata hajamaliza kuzijua nyumba zote za kitongoji chake.

Ndugu Mgeni Rasmi, kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Wazee walioketi hapa mbele wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu walipokusanyika kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Wakati huo halmashauri zilikuwa zimekwisha kufutwa kwa utaratibu wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, uliohamishia shughuli za maendeleo kwa watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani, na hazikurudi hadi zilipotungwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kutekelezwa mwaka 1984. Tunalitaja hilo kwa sababu tofauti yake na leo ni kubwa. Mwananchi wa sasa anayejitolea katika afya hafanyi hivyo kwa wito wa redio peke yake. Anajitolea chini ya mamlaka iliyo jirani naye, inayomiliki zahanati, yenye mkurugenzi, mganga mkuu na madiwani anaoweza kuwauliza maswali.

Tarehe 31 Januari 2024, jijini Dodoma, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliolenga kufikisha wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka 5. Idadi hiyo imetokana na hesabu ya wahudumu 2, mwanamke na mwanamume, kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. Mpangilio huo wa watu wawili una maana kubwa kwetu. Yapo maswali ambayo mama hatamjibu kijana wa kiume hata akiulizwa kwa upole wa namna gani, na wapo akina baba ambao hawatamsikiliza binti wa jirani anapowaambia waongozane na wake zao kliniki, lakini mwanamume mwenzao akisema jambo lilelile wanatafuta kofia na kutoka.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuingia katika kazi hii kunaanzia kwenye mkutano wa hadhara. Kwetu, mwombaji huandika barua, akaambatisha nakala za vyeti vyake na kitambulisho cha taifa, akaipeleka kwa Mtendaji wa Kijiji. Lakini karatasi hizo hazimfanyi mtu kuwa mhudumu mpaka wakazi wenzake wamwone amesimama mbele yao na waseme wanamkubali. Wako waliolalamika kwamba utaratibu huu unaaibisha, kwa kuwa mtu anaweza kukataliwa mbele ya wakwe zake. Sisi tunauunga mkono bila kusita. Mhudumu ataingia hadi chumbani kwa mzazi aliyejifungua juzi, atajua nani anatumia dawa gani, na atauliza kama choo kipo na kama kinatumika. Mtu ambaye majirani hawamwamini hawezi kufanya kazi hiyo hata akiwa na cheti cha namna gani, na anayewajua vizuri zaidi waombaji wa kitongoji ni kitongoji chenyewe.

Lipo doa moja ambalo hatuna budi kulisema. Mara nyingine tangazo la nafasi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, likaonwa na wanaopita hapo kila siku, nao kwa kawaida ni ndugu na jamaa wa viongozi. Siku ya mkutano inapofika, majina yanakuwa yamekwisha kutayarishwa, na mkutano unabakia kupiga makofi. Tunaomba matangazo hayo yasomwe pia misikitini, makanisani na kwenye magulio, wiki kadhaa kabla ya mkutano, na yaeleze waziwazi mhudumu atafanya nini, atasimamiwa na nani, atapata posho au hatapata, na kama ipo, italipwa na nani na kwa muda gani. Vijana wengi wanakuja wakidhani kujitolea ni mlango wa nyuma wa kupata ajira ya serikali. Hatuwalaumu, kwa maana ajira ni ngumu na kila mzazi anamtuma mwanawe akajaribu. Lakini kijana aliyeingia kwa tumaini ambalo hakuna aliyempa ataondoka kwa hasira, na nyumba alizoziandikisha zitabaki bila mtu.

Mafunzo yetu yamekuwa ya miezi 6, darasani na kwa vitendo. Tumejifunza kuwatambua wajawazito mapema na kuwahimiza waanze kliniki kabla mimba haijakua. Kuzijua dalili za hatari, kama vile kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu na degedege. Kuisoma kadi ya mtoto na kuona ni chanjo ipi imepita bila kuchomwa, hasa ile ya surua na rubela inayotolewa katika miezi 9 na kurudiwa miezi 18, ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto amekwisha kuonekana mkubwa. Tumejifunza kumshuku mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi na kumpeleka akapimwe kifua kikuu. Tumefundishwa pia kutumia utepe wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, ambapo kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 kinaangukia kwenye rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mtoto huyo hasubiri kesho.

Umuhimu wa mambo hayo unaonekana katika takwimu za nchi. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyoripotiwa katika utafiti wa mwaka 2015/16, na kwamba wanawake 81 katika kila 100 sasa wanajifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu hauonekani kwa mtu anayepita njiani, na mama wa mtoto aliyedumaa kwa kawaida haoni sababu ya kumpeleka zahanati, kwa kuwa mtoto anacheza na hana homa. Unagunduliwa na mtu anayeingia ndani, anayeuliza mtoto amekula nini jana na leo, na anayerudi mwezi unaofuata kuangalia kama kuna kilichobadilika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba sasa kueleza wiki za mwanzo zinavyokuwa, kwa kutumia uzoefu wa wenzetu waliotutangulia. Mhudumu mpya anatakiwa kupita nyumba kwa nyumba, aandikishe kaya zote, achore ramani ya kitongoji ikionyesha visima, njia zisizopitika masika na nyumba zenye wajawazito, wazee na watu wenye ulemavu. Kazi hiyo inaonekana nyepesi kwa mtu aliyeko ofisini. Katika nyumba ya kwanza atapiga hodi, atakaribishwa vizuri, na mara tu atakapofungua daftari na kuanza kuandika, mwenye nyumba atamuuliza ametumwa na nani na majina hayo yanapelekwa wapi. Swali hilo ni halali kabisa. Mhudumu aliyetambulishwa rasmi mkutanoni na Mwenyekiti wa Kitongoji, mwenye kitambulisho kilichosainiwa na halmashauri, hulijibu kwa utulivu na kuendelea. Asiye na utambulisho huanza kujieleza, na wasiwasi aliouacha katika nyumba moja humtangulia kufika katika nyumba inayofuata.

Jambo la pili linalomkuta mapema ni kuombwa afanye yasiyo yake. Wiki haiishi kabla hajaitwa usiku amchome mtu sindano, au aache vidonge vya kuua bakteria "vya akiba", kwa sababu machoni pa wengi yeye amekwisha kuwa daktari. Tumefundishwa kukataa na kuandika rufaa kwenda zahanati. Lakini kumkatalia shemeji yako saa 4 usiku, huku mtoto analia, kunahitaji nguvu ambayo darasa haliwezi kuitoa. Viongozi wa kijiji wakieleza mipaka yetu mbele ya wananchi siku ileile wanapotutambulisha, mhudumu anapokataa ataonekana anafuata utaratibu, na hataambiwa kwamba ana roho mbaya.

Kuhusu siri, tunaahidi mbele yako na mbele ya wananchi hawa kwamba tutakayoyaona na kuyasikia ndani ya nyumba zao hayatasikika kisimani wala kijiweni. Atakayekiuka ahadi hiyo tunaomba aondolewe bila kubembelezwa, hata kama ni mmoja wa waliomo katika kuandaa risala hii.

Ndugu Mgeni Rasmi, wahudumu wengi walioacha kazi miaka iliyopita hawakuacha kwa sababu ya umbali wala mvua. Waliacha kwa sababu hakuna aliyewauliza. Walijaza rejista, wakazipeleka kituoni, zikawekwa juu ya kabati, na hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba wamekosea safu fulani au kwamba yule mama waliyemwandikia rufaa alifika na amejifungua salama. Mtu anayefanya kazi bila mshahara anaweza kuvumilia mengi, lakini kuona kwamba kazi yake haisomwi kunamvunja moyo upesi kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana ombi letu la kwanza si la fedha. Tunaomba kila mhudumu apangiwe msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina katika zahanati yake. Msimamizi huyo akae naye angalau mara 1 kwa mwezi wapitie daftari pamoja. Na katika miezi 3 ya mwanzo amtembelee kitongojini, waingie pamoja katika nyumba chache.

Ombi la pili ni la posho. Ikiwa imepangwa, ilipwe kwa tarehe inayofahamika, na ikichelewa tuelezwe imekwama wapi. Pale ambapo haijapangwa, tunaomba angalau nauli na chakula siku tunapoitwa wilayani, kwa kuwa wapo wenzetu waliokopa nauli ili wahudhurie kikao cha kuhimizana kujitolea. Ombi la tatu ni la vitendea kazi vya mwanzo, navyo ni mkoba usiopenya maji, buti za mvua, mwavuli, tochi, utepe wa kupimia mzingo wa mkono, na baiskeli kwa vitongoji ambavyo kaya zake zimetawanyika. Vitu hivyo vikija mwaka wa pili vitawakuta walioamua kubaki kwa sababu nyingine.

Tunaomba vilevile mashirika yanayofanya kazi katika wilaya yetu yapitie kwanza ofisini kwako na kwa Mganga Mkuu kabla ya kutufuata vijijini. Mhudumu mmoja hujikuta na fomu ya lishe ya mradi mmoja, fomu ya malaria ya mradi mwingine na rejista ya Serikali, zote zikiuliza idadi ileile ya watoto kwa maneno tofauti, na saa za kupita nyumbani kwa watu zinaishia kwenye kuandika.

Mwisho, kwa wale watakaotumikia kwa uaminifu, tunaomba halmashauri iwape barua inayoeleza muda waliojitolea na kazi walizofanya. Barua haiwezi kumwajiri mtu, nasi tunalijua hilo. Lakini kijana anayeomba chuo cha uuguzi, au nafasi ya kazi mahali pengine, atakuwa na karatasi inayosema ukweli juu yake, iliyosainiwa na ofisi iliyomwona akifanya kazi.

Wahudumu wapya wataanza kuandikisha kaya Jumatatu ijayo katika vitongoji vyote vya kata hii. Tunakukaribisha, ratiba yako itakaporuhusu, uambatane na mmoja wetu kwa asubuhi moja, bila msafara.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.